Kufufua boti ya zamani ya jeti yenye injini mbili: anza na ile inayowaka

Boti ya namna hii ikiuzwa, maelezo ya muuzaji karibu siku zote ni yale yale: injini moja nzima, nyingine "inataka fundi kidogo tu". Mnunuzi hupiga hesabu palepale. Nusu ya kazi imeshafanyika, anajiambia, nikimaliza nusu iliyobaki nina boti. Hesabu hiyo niliipiga na mimi. Fundi mmoja mtu mzima aliyekuja kunitazamia aliinama, akachungulia zote mbili, akaniambia, "Mwanangu, hiyo iliyokufa haikusumbui, ipo nchi kavu. Itakayokusumbua ni hii nzima, kwa sababu utaiamini." Wiki ya tatu tangu nishue boti, injini "nzima" ilikwama pistoni nikiwa mbali na ufuo.

Injini hizi mbili ni pacha. Zimekunywa petroli ya tangi moja, zimelala miaka ileile bila kuwashwa, na mmiliki aliyezisahau ni yuleyule. Kilichoiua moja kinaendelea kuila nyingine. Ndiyo maana mwongozo huu unazishughulikia zote mbili kwa kila hatua, na mara nyingi ile inayowaka ndiyo ya kwanza kukaguliwa.

Za kwangu nilizipa majina, Kurwa upande wa kulia na Doto upande wa kushoto, ukitazama kutoka tezi (nyuma ya boti) kuelekea omo (mbele). Huenda ukaona ni utoto, lakini kila mfuko wa boli ukiandikwa K au D, utashukuru baada ya miezi minne.

Jua unachokishika

Boti ya jeti haina panga la nje wala ubao wa usukani. Injini huzungusha impela, yaani panga dogo lililo ndani ya pampu. Maji hunyonywa kupitia wavu chini ya boti na kutupwa nyuma kwa kasi kupitia nozeli. Ukizungusha usukani unaigeuza nozeli, na rivasi ni kibakuli kinachoshuka nyuma ya nozeli kuyarudisha maji mbele. Ukiachia mafuta ghafla, nozeli haina maji ya kutosha ya kusukuma, kwa hiyo boti haikati kona. Mtindo huu ulikuzwa New Zealand katika miaka ya 1950 na William Hamilton, aliyetaka boti ya kupanda mito yenye maji machache na mawe mengi.

Boti nyingi za injini mbili anazoweza kuzimudu mtu wa kujifurahisha ni zile ndogo za faibaglasi zilizoanza kuuzwa kwa wingi miaka ya 1990: Sea-Doo Speedster na Challenger zenye injini za Rotax, na Yamaha Exciter pamoja na ndugu zake waliofuata. Injini zake za zamani ni za mipigo miwili, zilezile za pikipiki za majini, zikiwa zimewekwa mbili ndani ya bodi moja. Kampuni inayotengeneza Sea-Doo ilitangaza mwaka 2012 kwamba inaacha kuunda boti za jeti za aina hiyo, ila vipuri vya injini na pampu bado vinapatikana kwa sababu pikipiki za majini za zama hizo zilikuwa nyingi. Hilo ndilo linaloufanya mradi huu uwezekane. Kabla ya kununua chochote, tafuta kitabu cha fundi cha modeli na mwaka wako. Nambari ya bodi itakusaidia: kwa boti zilizotengenezwa kwa soko la Marekani imebandikwa au kuchongwa kwenye tezi, upande wa kulia, ina herufi na tarakimu 12, na kwa boti za kuanzia katikati ya miaka ya 1980 tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa modeli.

Hatua ya 1: ukaguzi kabla ya kutoa pesa

Nenda na geji ya kupimia kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), tochi, nyundo ya plastiki, na nguo usizozionea huruma.

Pima kompresheni ya silinda zote za injini zote mbili. Toa plagi zote, unganisha waya za plagi na chuma cha injini ili koili zisiungue, vuta mkono wa mafuta hadi mwisho, kisha piga stata mpaka mshale wa geji uache kupanda. Injini nyingi za Rotax za wakati ule zikiwa na afya husoma karibu psi 150 (psi ni kizio cha shinikizo). Ikishuka chini ya 120, jiandae kuifungua. Muhimu zaidi ya namba yenyewe ni tofauti kati ya silinda za injini moja: ikizidi asilimia 10, kuna jambo. Usikubali kuambiwa kwamba injini inayowaka haina haja ya kupimwa.

Iliyokufa izungushe kwa mkono. Ikizunguka kwa ulaini lakini haina kompresheni, huenda ni pistoni na ringi. Ikikwaruza kama kuna mchanga ndani, beringi za kranki zimeota kutu, na hiyo ni kazi kubwa zaidi. Ikigoma kabisa, weka bei yako chini sana au nenda nyumbani.

Kwa Sea-Doo, uliza ufunguo. Ule mpira mwekundu au mweusi wenye kamba una chipu ndani, na boti isipoitambua haiwaki. Ukiuchomeka kwenye kitako chake unapaswa kusikia milio miwili mifupi. Boti isiyo na ufunguo itahitaji mtu mwenye kifaa maalumu cha kuingiza ufunguo mpya kwenye kompyuta yake, na gharama hiyo muuzaji hatakutajia.

Hatua ya 2: bodi na ngama

Watu hukimbilia injini. Mimi nasema toa injini kwanza, lakini ili uione ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika, si kwa ajili ya injini zenyewe. Injini mbili ndani ya boti ndogo huficha kila kitu, na uchafu wa miaka ishirini hukaa pale mkono usipofika.

Kabla hujalegeza boli hata moja, piga picha nyingi kuliko unavyodhani zinahitajika. Halafu angalia miguu ya injini. Chini yake kuna vibati vyembamba vinavyoiweka injini sawa na pampu. Vibati vya kila mguu vifunge pamoja, uandike K au D na nafasi yake: mbele kulia, nyuma kushoto, na kadhalika. Vikichanganyika, shafti haitanyooka, na shafti isiyonyooka hula beringi, sili na kapulingi bila kukuambia.

Ngama ikiwa tupu, ioshe kwa sabuni ya kuondoa oili mpaka uone rangi ya faibaglasi. Sasa gonga kwa nyundo ya plastiki kila sehemu, hasa mihimili ya ndani (mataruma, tungesema kwa chombo cha mbao), tezi pale pampu zinapofungwa, na sakafu. Mlio mkali na mkavu ni mzuri. Mlio mzito kama wa kupiga gunia unaonyesha mbao iliyooza, au povu lililonywa maji, au matabaka yaliyoachana. Boti nyingine zina mbao ndani ya faibaglasi na nyingine hazina, lakini karibu zote zina povu la kuelea, na povu la zamani hunywa maji. Njia rahisi ya kupata ushahidi ni mizani: pima boti ikiwa juu ya trela, toa uzito wa trela, linganisha na uzito wa kitabuni. Kila lita ya maji iliyojificha ni kilo moja. Boti yangu ilikuwa na kilo 90 zisizo na maelezo. Nilikata mlango mdogo sakafuni, nikalitoa povu kwa mikono na kisu, nikajaza jipya lenye vitundu vilivyofungwa. Ilikuwa kazi ya wiki mbili na harufu yake naikumbuka mpaka leo.

Kwa nyufa zinazopita tabaka la juu, saga kingo ziwe na mteremko mrefu, mara 12 ya unene wa faibaglasi: bodi ya milimita 5 itake mteremko wa sentimita 6 kila upande. Ukitumia epoksi, endelea na epoksi; poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi iliyokauka, ilhali epoksi hushika juu ya poliesta iliyopigwa msasa. Vaa barakoa yenye vichujio na mikono mirefu. Vumbi la faibaglasi halitoki mapafuni kama linavyotoka nguoni. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui, zisizoshikika kwa ukucha, ni za sura tu. Ziache mpaka mwisho, au ziache kabisa.

Hatua ya 3: pampu

Hapa ndipo pesa kidogo huleta kasi kubwa, na ndipo watu wengi hulaumu injini bure. Boti ikinguruma kwa mizunguko mingi lakini haiendi, pampu inakula hewa au inavujisha msukumo.

Toa pampu zote mbili uziweke mezani sambamba. Chukua fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), pima nafasi kati ya ncha za impela na pete inayoizunguka, ile ambayo mafundi huiita wea ringi. Ikiwa mpya, nafasi ni karibu milimita 0.3 au chini ya hapo. Ikikaribia milimita 1 badilisha. Kwa Sea-Doo za zama hizo pete ni ya plastiki na hubadilishwa kirahisi. Ukiigandisha pete mpya kidogo kwenye friji huingia bila ugomvi. Ncha za impela zilizopigwa na mawe zinaweza kunyooshwa na kupigwa tupa ikiwa ni mikwaruzo midogo, lakini kipande kikishakatika, impela hiyo itatikisa shafti nzima. Kabla ya kuifungua soma kitabu, kwani upande wa hesi hutofautiana kati ya watengenezaji, na hesi ya chuma cha pua iliyolazimishwa vibaya haisamehe.

Angalia oili ya pampu kwa zile zinazotumia oili. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, badilisha sili na uzungushe beringi ukisikiliza. Pampu za Yamaha hutumia grisi, zisukumie mpya mpaka ya zamani ionekane inatoka. Mwisho, mpira au silikoni inayoziba kati ya pampu na bodi ibadilishwe bila mjadala. Tundu la ukubwa wa njiti ya kiberiti pale huivutia pampu hewa, na boti itakuwa inapaliwa kila ukiongeza mafuta.

Kisha kuna mahali shafti inapoingia ndani ya boti. Hapa sina mzaha. Kwenye Sea-Doo ni pete ya kaboni inayokandamizwa na mpira wenye mikunjo dhidi ya kola ya chuma cha pua. Mpira huo ukipasuka, maji yanaingia ngamani kama bomba lililofunguliwa, na zipo mbili. Kama hujui umri wake, weka mipya. Angalia uso wa kaboni: uwe laini bila mfereji. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Boti hii usukani wa nyuma haikuwahi kuwa nao, kwa hiyo chunga zaidi pale maji yanapoingilia.

Hatua ya 4: mafuta, yaani chanzo cha vifo vingi

Kama una siku moja tu ya kuifanyia kazi injini "nzima", itumie hapa.

Injini ya mipigo miwili hupozwa na kulainishwa, kwa sehemu, na mchanganyiko wenyewe unaopita ndani yake. Petroli ikipungua hewa ikazidi, joto la pistoni hupanda, alumini inayeyuka ukingoni au inatoboka katikati. Dereva hahisi kitu mpaka dakika ya mwisho. Tena mchanganyiko mkavu kidogo huifanya injini iimbe vizuri kwa muda, na hapo ndipo mtu husema "hii moja iko safi kabisa".

Sea-Doo za miaka ya 1990 zilitoka na mipira ya petroli ya rangi ya kijivu inayojulikana sana kwa kuoza kutoka ndani. Hutengeneza uji wa kijani unaosafiri mpaka kwenye vichujio vidogo vilivyo ndani ya kabureta na kuviziba nusu. Ukiona mipira hiyo, itupe yote, kutoka tangini hadi kwenye kabureta ya mwisho, pamoja na ule wa kurudisha. Kubadilisha ya Kurwa pekee huku ya Doto ikibaki ni kujidanganya. Usisahau swichi ya tangi, ndani yake hukaa uji uleule.

Mpangilio wangu wa siku hiyo ni huu:

1. Nyonya petroli yote ya zamani. Usiichanganye na mpya "ili isipotee". Petroli iliyokaa miaka hunuka kama rangi ya ukutani, na ile yenye ethanoli hugawanyika ikaacha maji chini.
2. Toa bomba la ndani ya tangi, safisha vichujio vyake, angalia gasketi.
3. Fungua kabureta zote nne, au kadiri zilivyo, moja baada ya nyingine. Usifungue ya pili kabla ya kurudisha ya kwanza. Ile iliyo nzima mezani ndiyo mchoro wako.
4. Weka sindano, vitako, na ngozi mpya za pampu kutoka kwa mtengenezaji wa kabureta yenyewe. Vifurushi vya bei ya kutupa nilivijaribu mara moja. Sindano hazikuziba na injini ikajaa petroli usiku kucha.
5. Rudisha skrubu za kurekebishia kwenye vipimo vya kitabu, si pale ulipozikuta. Aliyekutangulia huenda alikuwa akificha ugonjwa.

Upande wa oili kuna ubishi usiokwisha, lakini jambo la msingi ni jepesi. Oili yenye alama TC-W3 ilitengenezwa kwa injini za nje za boti, ambazo joto lake si kali. Rotax za mipigo miwili zilipendekezewa oili ya daraja la API-TC. Yamaha za wakati huo zilikubali TC-W3. Fuata kitabu cha injini yako, na ukibadilisha aina, mwaga tangi la oili na mirija yake yote kwanza. Mirija midogo ya kupeleka oili kwenye injini hukauka na kuvunjika kama tambi mbichi. Ibadilishe yote, toa hewa kwenye pampu ya oili, na uhakikishe alama ya mkono wa pampu inalingana na alama ya mwili wake ukiwa hujavuta mkono wa mafuta. Pampu iliyochelewa hata kidogo huinyima injini oili wakati inapoihitaji zaidi.

Hatua ya 5: kufungua iliyokufa

Anza na hedi, kisha silinda, na usome pistoni kabla ya kuisafisha, kwa sababu hiyo ni barua kutoka kwa marehemu. Tundu katikati au ukingo ulioyeyuka ni mchanganyiko mkavu: rudi hatua ya 4, na ujue Doto yuko njiani kumfuata Kurwa. Mikwaruzo upande wa ekzosi peke yake huashiria joto au oili kidogo. Mikwaruzo sehemu nne kuzunguka pistoni mara nyingi ni injini iliyopewa mafuta mengi ikiwa bado baridi. Pistoni ilivimba kabla ya silinda. Hilo ni kosa la dereva, wala si la chuma. Kutu kwenye kranki ni maji yaliyoingia yakaachwa.

Ukikuta mchanganyiko mkavu bila kabureta chafu, shuku hewa ya wizi kupitia sili za kranki au gasketi. Ziba ekzosi na njia za kuingizia hewa, jaza shinikizo la psi 5 hadi 8 kwa pampu ya mkono, halafu ngoja dakika chache. Mshale ukishuka, pakaza maji ya sabuni utafute mapovu. Kipimo hiki kifanye kwa pacha zote mbili. Ile inayowaka huweza kuvuja kidogo kwa muda mrefu kabla ya kuadhirika.

Kuchonga silinda na kuweka pistoni ya saizi ya juu ni kazi ya karakana yenye mashine. Mpelekee fundi wake pistoni mpya mkononi, achonge kufuatana nayo. Kranki yenye kutu mimi naibadilisha nzima. Kuipanga upya kranki ya kuunganishwa kwa vipande kunataka vifaa ambavyo mtu wa kujifurahisha hanavyo.

Boli za chuma cha pua zilizoshikana na alumini ziombe kwa subira: mafuta ya kupenya usiku kucha, joto la taratibu, kisha mbele nyuma kidogokidogo. Ukisikia inalainika ghafla kama mpira, simama. Inakatika.

Hatua ya 6: umeme, na faida ya kuwa na pacha

Hapa injini mbili zinakulipa. Ukiwa na injini moja, kutafuta hitilafu ya umeme ni kubahatisha. Ukiwa na mbili, hamisha kipuri kutoka upande unaofanya kazi kwenda upande usiofanya, kimoja kwa wakati: koili, kisanduku cha moto, rilei ya stata. Ugonjwa ukihama na kipuri, umempata mhalifu. Hakikisha tu nambari za vipuri ni zilezile.

Kuna mtego mmoja. Rektifaya ya Kurwa (kipuri kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri) ilikuwa imeungua, nikaweka ya Doto ili kujaribu, nayo ikaungua ndani ya sekunde kumi. Kumbe waya ulikuwa umechubuka na kugusa chuma. Kipuri kikionekana kimeungua, pima waya zake kwanza.

Safisha kila sehemu waya wa ardhi unapofungwa kwenye chuma. Tumia waya wa shaba uliopakwa bati na viungio vyenye gundi ya joto, maana shaba tupu huoza kwenye unyevu. Stata, altaneta au pampu ya petroli visiwe vya gari hata kama vinaingia. Vya boti vimezibwa cheche zisitoke nje, na ndani ya chumba chenye mvuke wa petroli tofauti hiyo ni boti kuwaka moto au kutowaka. Kwa sababu hiyohiyo, hakikisha feni ya kutoa hewa chumba cha injini inavuta kweli, na uizoee sheria ya dakika 4: feni kwanza, pua yako pili, ufunguo wa mwisho.

Hatua ya 7: kuwasha nchi kavu

Mpangilio wa maji ya bomba ni wa kukariri. Injini iwake kwanza, ndipo maji yafunguliwe. Ukimaliza, maji yafungwe kwanza, injini iguswe mafuta kidogo imwage yaliyobaki, ndipo izimwe. Ukigeuza mpangilio, maji hujaa kwenye ekzosi na kurudi ndani ya silinda. Utapiga stata na injini itakataa, kwa sababu maji hayabanwi kama hewa. Bila maji usizidishe sekunde 15 hivi. Kila injini ina njia yake ya maji, kwa hiyo Kurwa na Doto kila mmoja na mpira wake.

Injini zikiwa zimezimwa, vuta mkono wa mafuta huku mtu mwingine akitazama kabureta za pande zote mbili. Zianze kufunguka kwa pamoja na zifike mwisho kwa pamoja. Kebo iliyovutika milimita mbili hufanya injini moja ibebe boti nzima, nawe utafikiri nyingine ni dhaifu.

Hatua ya 8: kushua

Tangi la kwanza baada ya kujenga injini lichanganye 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, juu ya oili inayoingizwa na pampu. Siku ya kwanza nenda na chombo kingine kikusindikize, kizima moto, kasia na nanga.

Shusha boti majini lakini usiitoe kwenye kamba. Injini zikiwa zimezimwa, kaa nusu saa na tochi ukitazama sili za shafti na sehemu pampu zinapofungwa. Tone moja moja lina maana. Kisha nenda penye kina cha sentimita 90 kabla ya kuwasha, pampu isije ikanyonya mchanga na kuzila pete ulizoweka juzi.

Endesha kwa kila injini peke yake, lakini polepole kama mtu anayetembea. Boti ikienda kasi huku injini moja imelala, maji yanaweza kusukumwa kupitia pampu yake hadi kwenye mfumo wa kupoza na kuifurika. Ni sababu ileile inayofanya boti ya jeti ivutwe taratibu, na mpira wa maji yanayokwenda kwenye injini ubanwe ikiwa safari ya kuvutwa ni ndefu. Weka klempu mbili ndani ya boti kwa ajili hiyo.

Halafu zote pamoja. Kwa saa 10 za mwanzo badilisha mwendo mara kwa mara, usishikilie mafuta mpaka mwisho isipokuwa kwa sekunde chache. Tazama geji mbili za mizunguko. Injini nyingi za aina hii hufika karibu mizunguko 7,000 kwa dakika zikipewa yote. Tofauti ya mia moja hivi kati yao ni ya kawaida, tofauti ya mia tano si ya kawaida. Ile iliyo juu huenda pampu yake inakula hewa. Iliyo chini, anza na kebo, kisha kabureta.

Saa 10 zikitimia, toa plagi zote uzipange mezani kwa safu mbili, K na D. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeusi yenye mafuta inavumilika mwanzoni. Ukiona moja nyeupe imekauka, hata kama injini yake ndiyo iliyokuwa ikienda kwa raha zaidi, hiyo boti isirudi majini kabla hujaifungua kabureta ya silinda hiyo.